Shajara ya mradi: probu ya mfukoni na njia ya hewa, Mwanza

Februari, mwanzoni

Probu ya ultrasaundi, kile kichwa kinachogusishwa ngozini kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, imefika. Ni ile bapa ya masafa ya juu, ya kuonea vitu vilivyo karibu na ngozi. Inachomekwa kwenye kishkwambi, na ukimaliza inaingia mfuko wa koti. Fedha zimetoka kwenye fungu dogo la kuboresha huduma ambalo wengine walitaka linunue mabenchi ya ndugu wanaosubiri wagonjwa. Sista mmoja mkongwe kila akiiona anauliza, "Ndiyo benchi letu hilo?"

Lengo tumelibandika chumba cha zamu. Kwa mgonjwa wa dharura anayehitaji mpira wa kupumulia, ultrasaundi itusaidie kujibu maswali manne: mpira ukigoma tutakata wapi, tumbo lina chakula au halina, mpira umeingia trakea (bomba la hewa) au umio (njia ya chakula), na mapafu yote mawili yanapata hewa? Humu tutaandika kinachofanya kazi na kinachotupotezea muda.

Kapnografia, ile ya kupima kaboni dioksaidi anayotoa mgonjwa, ndiyo njia inayoaminika zaidi ya kujua mpira umekaa mahali pake. Mashine tunayo moja na makao yake ni chumba cha upasuaji. Kuiteremsha usiku ni mazungumzo marefu. Ukaguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011, ujulikanao kama NAP4, ulionyesha kwamba kutotumia kapnografia kulichangia zaidi ya asilimia 70 ya vifo vya njia ya hewa vilivyoripotiwa kutoka vyumba vya wagonjwa mahututi. Ukaguzi huohuo ulionyesha kuwa kutoboa koo kwa sindano nene wakati wa dharura kulishindikana takriban mara 6 katika kila 10. Hizo ni hospitali ambazo hazijui kukatika kwa umeme.

Na wagonjwa wetu ni hawa: kijana wa bodaboda mwenye taya iliyovunjika pande mbili, mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt kwenye taya, ugonjwa ambao Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 akifanya kazi ng'ambo ya ziwa, Uganda, mama mwenye goita, mvuvi aliyevumilia jino kambini hadi shingo ikafura. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema hasubiri feri tena. Wa visiwani bado anasubiri, na anafika akiwa amechoka kupumua.

Februari, katikati

Tumeanza na shingo zetu wenyewe.

Jambo la kwanza kuwafundisha intani, madaktari walio mafunzoni, ni hewa. Mawimbi ya ultrasaundi yakigonga hewa karibu yote yanarudi. Kwa hiyo mpaka wa ukuta wa mbele wa njia ya hewa unaonekana kama mstari mweupe mkali, na chini yake unaona mistari mingine inayofanana nao. Hiyo ni mwangwi wa mstari uleule. Kila kundi linakuwa na mtu anayenyoosha kidole kwenye mwangwi na kusema ameona ukuta wa nyuma wa trakea. Ukuta wa nyuma hauonekani, na afadhali hilo lieleweke mapema.

Pa kukata shingoni ili hewa ipite, mpira ukigoma, panapatikana hivi. Probu inalazwa kwa upana wa shingo, ukianzia juu. Gegedu la thairoidi linajitokeza kwa umbo la V iliyopinduliwa. Shuka taratibu: V inapotea, unabaki na mstari mweupe wa hewa. Huo ndio utando wa krikothairoidi. Usisimame bado, endelea hadi uone tao jeusi nene, gegedu la krikoidi. Sasa rudi juu mpaka mstari mweupe ujitokeze tena. Hapo ndipo. Kule kurudi ndiko kunakomaliza ubishi, maana umeshaona kilicho juu na kilicho chini ya mahali unapotaka kupitisha wembe. Njia ya pili ni kuisimamisha probu kwa urefu wa shingo: pete za trakea zinapangika kama shanga nyeusi kwenye uzi mweupe, ile kubwa zaidi upande wa kichwani ni krikoidi, na nafasi iliyo juu yake ndiyo utando wenyewe. Kwa mtu mzima nafasi hiyo ina kimo cha kama sentimita moja tu. Ukikosea kwa upana wa kidole, umekata kitu kingine.

Tuliwekeana sharti: kila mtu aweke alama kwa kidole kwanza, ndipo probu ihukumu. Kwa wanaume wembamba wenye kongomeo lililochomoza, kidole hakina shida na sioni sababu ya kutafuta mashine. Kisha mama wa mapokezi, mwenye mwili na shingo fupi, akakubali kuwa mgonjwa wa mfano kwa malipo ya soda baridi. Alama za madaktari zilitapakaa shingoni mwake, mojawapo ikiwa juu kabisa ya gegedu la thairoidi. "Kwa hiyo mimi mngenichinja," alisema, akaomba soda ya pili.

Kuna kero ambayo vitabu havikututahadharisha. Kalamu ya wino wa buluu kwenye ngozi yetu nyeusi haionekani vizuri, na palipo na jeli inateleza tu. Baada ya kujaribu hili na lile, utaratibu tulioafikiana ni huu: futa jeli hadi ngozi ikauke, kandamiza mdomo wa bomba la sindano lisilo na sindano uache duara, kisha bandika vipande vyembamba vya plasta nyeupe kushoto na kulia kwa usawa wa duara lile. Duara linafifia, plasta inabaki. Na shingo iwe imenyooshwa nyuma wakati wa kuweka alama, kama itakavyokuwa wakati wa kukata, kwa sababu kichwa kikiinama ngozi inahama na alama inahama nayo.

Februari, mwishoni

Kikao na wenzetu wa radiolojia. Hoja yao ni ya haki: kila mtu akiwa na probu mfukoni, nani atasimamia ubora wa anachokiona? Tumekubaliana hatuandiki ripoti ya ultrasaundi. Tunajibu swali la ndiyo au hapana, na kila kipimo kinarekodiwa kipande kifupi cha video ambacho mtaalamu wao atakipitia kila wiki. Walichoomba badala yake ni kwamba tusichukue jeli yao.

Machi

Jeli basi. Sista anayetoka Ukerewe, ambako ugali wa muhogo ni chakula cha kila siku, alichemsha unga wa muhogo kwa maji na chumvi kidogo, akauacha upoe. Picha ikatoka safi. Kwa mazoezi tunatumia huo, ila haukai: kesho yake umeshaanza kuchacha na chumba kinanuka. Kwa mgonjwa ambaye shingo yake huenda ikakatwa hatuupaki. Hapo ni jeli ya pakiti, safi.

Umeme: kishkwambi kinalala kwenye chaja kaunta ya wauguzi, si ofisini kwa mtu. Hili limeleta maneno. Kuna waliotaka probu ifungiwe kabatini kwa kuwa ni mali ya thamani, na ufunguo ukae kwa kiongozi wa zamu. Kifaa cha dharura kilichofungiwa ni sawa na hakipo. Tumeifunga kwa mnyororo mrefu wa baiskeli kwenye toroli la njia ya hewa, nalo toroli halitoki chumba cha wagonjwa wa hali mbaya.

Mazoezi ya kukata tunayafanya kwa makoromeo ya mbuzi. Mchinjaji tulimwomba asiyapasue na atuachie pete kadhaa za trakea. Alitutazama kwa muda, halafu akauliza hiyo dawa tunayotengeneza ni ya nini. Kanda hii swali hilo si la mzaha sana, kwa hiyo tulirudi na vitambulisho vya kazi. Koromeo linalazwa kwenye trei, linafunikwa kipande cha ngozi ya mbuzi, probu inatafuta utando, wembe namba 10 unaingia, buji, kijiti chembamba cha kuongozea mpira, inapita, na mpira namba 6 unafuata juu ya buji. Ndivyo mwongozo wa Uingereza wa 2015 ulivyoelekeza: wembe, buji, mpira. Baada ya lile balaa la sindano nene, naona walifanya vema kurahisisha.

Aprili

Usiku huu nauandika kirefu kwa sababu ndio ulionipa msimamo kuhusu mradi mzima. Maelezo ya kumtambulisha mgonjwa nimeyabadilisha.

Baba wa makamo, mvuvi, kaletwa na mdogo wake. Jino la chini lilimsumbua, akanyamazisha kwa vidonge vya dukani, uvimbe ukashuka chini ya kidevu na kuvuka pande zote mbili. Alipofika alikuwa amekaa ameinama mbele, mate yanamtoka, ulimi umesukumwa juu hadi mdomo haufungiki. Sakafu ya mdomo ilikuwa ngumu, haibonyei. Muuguzi alipotaka kumlaza apate kumwekea dripu alimsukuma kwa mkono. Alikuwa sahihi: mgonjwa wa namna hii ukimlaza, ulimi unarudi nyuma na habari imeisha.

"Kaa hivyohivyo, baba. Hatukulazi."

Vidole havikupata kitu. Kuanzia kidevuni hadi karibu na kifua ilikuwa nyama iliyovimba, hakuna kongomeo, hakuna bonde. Tukampima akiwa amekaa, kichwa kimeegemezwa kwa mto, mwenzangu akishika barakoa ya oksijeni pembeni. Uvimbe uliongeza kina kiasi kwamba ilibidi tushushe masafa ya probu ili mawimbi yafike. V ikaonekana, imesogea kidogo kulia. Mstari mweupe. Tao jeusi. Kurudi juu. Tuliwasha pia doppla ya rangi, inayoonyesha damu inayotembea, kuangalia kama kuna mshipa unaokatiza pale, na chini kidogo ulikuwepo mmoja, kwa hiyo duara tuliliweka upande wa juu wa nafasi. Plasta kushoto, plasta kulia.

Mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni. "Samahani dokta, hiyo si mashine ya wajawazito?"

Tulimjibu kuwa ndiyo, na shingo pia inapimwa. Hakuonekana kuridhika.

Daktari wa usingizi aliposhuka, kitu cha kwanza alichokitazama ni zile plasta. Akaweka kidole katikati yake, akauliza nani kaweka, akatazama video. Halafu ndipo akapanga: ganzi ya kupuliza puani na kooni, ketamini kidogo kidogo huku mgonjwa akipumua mwenyewe, hakuna dawa ya kulegeza misuli, mpira upite puani, na daktari wa upasuaji asimame kulia kwa mgonjwa akiwa amevaa glavu, wembe umefunguliwa. Mpira ulipita. Haukupita kirahisi, lakini ulipita, na ile alama haikuguswa. Alfajiri alipasuliwa usaha ukatolewa.

Kwenye ripoti ya asubuhi mtu alisema: basi ultrasaundi haikusaidia, maana hamkukata. Napinga. Ile dakika moja na nusu ya probu ilibadilisha namna watu walivyosimama kuzunguka kitanda. Daktari wa upasuaji hakuwa akitafuta pa kukata moyoni mwake huku mwenzake akihangaika na pua, alikuwa anajua. Daktari wa usingizi hakulazimisha. Ukijua mlango wa dharura uko wapi, unafanya kazi ya mlango wa kawaida kwa mkono uliotulia. Kuanzia leo swali la kwanza kwenye karatasi yetu limebadilika kutoka "mpira ukigoma tutakata wapi" kuwa "kabla ya dawa yoyote ya usingizi, tumeweka alama?"

Kinyume chake pia kimeandikwa kwa herufi kubwa: mgonjwa ambaye tayari hapitishi hewa na oksijeni inaporomoka, usitafute probu. Pasua wima katikati ya shingo, ingiza kidole, tafuta utando kwa kidole. Kuwasha kishkwambi muda huo ni kumwacha afe kwa utaratibu.

Aprili, mwishoni

Swali la tumbo tumelifuta. Kisayansi ni zuri: unaangalia sehemu ya mwisho ya tumbo la chakula, mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kulia, unapima eneo lake, unakadiria ujazo, ukizidi mililita 1.5 kwa kila kilo ya uzito, au ukiona chakula kigumu, hatari ya kutapika na kuvuta matapishi ni kubwa. Kwa upasuaji uliopangwa lina maana. Kwa mtu aliyegongwa na bodaboda Buzuruga saa mbili usiku akitoka kula, akiwa na kola ya shingo, humgeuzi ubavu, na hata ukimgeuza jibu halibadilishi kitu, kwa sababu kila mgonjwa wa dharura tunamhesabu ana tumbo lililojaa. Tena kipimo chenyewe kwa mtu mzima kinadai probu nyingine, ile ya mviringo. Intani aliyekuwa amekipenda alinuna kidogo. Kaelekezwa akafanye utafiti wake chumba cha upasuaji.

Mei

Mtoto wa miaka 4, degedege la malaria, kaletwa kwa rufaa akiwa tayari na mpira kooni. Waliomwekea walifanya kazi kubwa katika mazingira magumu, na walimleta hai. Oksijeni ya kidoleni ilikuwa inashuka njia nzima, wakadhani mtungi umeisha.

Sikioni, kwa kelele za chumba kile, sauti za kifua zilikuwa za kubahatisha. Probu ikawekwa kifuani. Kulia, utando wa pafu unateleza kila ambu, mfuko wa kumpulizia hewa, ikibanwa. Kushoto hakuna kuteleza. Hapa ndipo mtu mwenye haraka anaweza kuchomeka sindano kifuani akidhani hewa imevuja nje ya pafu. Lakini ukitulia, kushoto mstari ule ulikuwa unatikisika kidogo kwa kufuata mapigo ya moyo. Hewa ingekuwa imevuja, mtikisiko huo usingeonekana, maana pafu lingekuwa halijagusa ukuta wa kifua. Ina maana pafu lipo, limekaa tu, halipewi hewa. Tukatazama namba mdomoni: sentimita 18. Kwa mtoto wa umri ule, nusu ya umri ukijumlisha 12 unapata 14. Mpira ulikuwa umezama hadi bomba la pafu la kulia. Tukauvuta pole pole, probu ikiwa palepale kushoto, hadi mstari ukaanza kuteleza. Tukafunga plasta upya.

Wazazi waliona kishkwambi, wakaona oksijeni inapanda, wakaamini kishkwambi ndicho kilichotibu. Baba aliomba apewe picha.

Nimeshapiga simu kituo kilichomtuma. Hawahitaji probu ili kupiga ile hesabu ya 12, hilo leo tumewaambia kwa simu waliandike ukutani.

Mei, mwishoni

Mipaka ya probu. Kijana aliyeangukia usukani wa pikipiki kwa shingo, ngozi inachakarika ukiigusa: hewa ilikuwa imeingia chini ya ngozi. Skrini yote nyeupe, hakuna V, hakuna tao. Hilo lenyewe ni jibu, njia ya hewa imepasuka mahali, lakini picha ya kukuongoza hakuna. Tulikiweka kishkwambi chini na kuendelea kwa njia za zamani, daktari wa upasuaji akiwa kitandani tangu mwanzo.

Juni

Swali la trakea au umio limekuwa rahisi kuliko tulivyodhani, kwa sharti kwamba anayeshika probu si yule anayepitisha mpira. Probu inalazwa kwa upana juu tu ya kidari. Trakea iko katikati na mstari wake mweupe. Umio kwa watu wengi uko nyuma yake kidogo, upande wa kushoto wa mgonjwa. Mpira ukiingia trakea, unaona mstari ni mmoja uleule. Ukiingia umio, mstari wa pili wenye kivuli unajitokeza pembeni, kana kwamba mgonjwa ana trakea mbili. Utafiti uliojumlishwa kutoka nchi mbalimbali unaweka usahihi wake juu ya asilimia 95.

Faida yake kubwa niliiona kwa kijana aliyeopolewa ziwani, moyo umesimama. Damu isipozunguka, kaboni dioksaidi inayofika mapafuni ni kidogo mno, na hata ungekuwa na kapnografia namba yake ingekuwa ndogo ya kukutia mashaka. Probu haisubiri mzunguko wa damu. Mistari miwili ilitokea kabla hata ambu haijabanwa. Sista aliyeshika probu akasema "umio, toa," ukatolewa, ukapitishwa tena wakati anayekandamiza kifua akiendelea na kazi yake. Kijana hakupona. Alikuwa majini muda mrefu.

Mkono uwe mwepesi. Kuikandamiza probu kunasogeza zoloto na kumharibia picha anayetazama kwa laringoskopu, kifaa cha kuonea koo wakati wa kupitisha mpira, na mabishano ya namna hiyo juu ya kichwa cha mgonjwa tumeyasikia ya kutosha.

Juni, mwishoni

Kadi mpya imelaminishwa na kuning'inizwa kwenye toroli. Ina mambo matatu badala ya manne: alama kabla ya dawa, mstari mmoja au miwili, kuteleza pande zote mbili. Upande wa pili imeandikwa lini usiitumie probu.

Uamuzi uliochukua muda ni nani aishike. Nimependekeza wauguzi wa zamu wafundishwe kikamilifu, na radiolojia wamekubali kwa sharti la video zilezile. Sababu ni ya kawaida: saa nane usiku daktari ni mmoja na mikono yake yote miwili iko kwenye laringoskopu. Zaidi ya hapo, video tulizopitia zinaonyesha masista wana subira ya kule kurudi juu ambayo intani wengi hawana.

Mwezi ujao tunakwenda Ukerewe kufundisha wenzetu kuweka alama na kusoma kuteleza kwa pafu. Probu ni hii moja, kwa hiyo safari ni ya kwenda na kurudi haraka, na idara itabaki na vidole vyake kwa muda huo. Makoromeo ya mbuzi tutayatafuta hukohuko Nansio. Ya hapa hayatavumilia feri bila barafu, na sista wetu anasema mchinjaji wa kwao ni shemeji yake.